Shingo, Mzigo na Shamba: Juu ya Kazi za William Kentridge

Wapo ndugu watakaouliza, na wana haki ya kuuliza, kwa nini kurasa za jarida la nadharia zitumike kumjadili mchoraji wa Johannesburg, mtoto wa mawakili, ambaye kazi zake zinaonyeshwa katika majumba ya opera ya New York na Salzburg. Tuliulizwa swali hilo Masagati, tulipokwenda kuendesha semina ya makada wa kata msimu wa kiangazi uliopita. Aliyeuliza ni kada kijana, tena aliuliza kabla hatujawasha hata kompyuta. Tulimjibu kwa swali jingine: Je, ndugu, Kariakoo ni neno la lugha gani? Akasema ni Kiswahili, ni soko. Semina nzima ilicheka, lakini katika wale waliocheka hawakuzidi watatu walioweza kusema kwamba neno hilo ni jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza, lililogeuzwa na ndimi za watu waliolazimishwa kuingia ndani yake, na kwamba walipiga kambi mahali pale baada ya Dar es Salaam kutekwa mwaka 1916.

Hapo ndipo hoja yetu inapoanzia. Vita Kuu ya Kwanza ilipopiganwa katika nchi yetu, mabeberu wa pande zote mbili walikuta kwamba mbung'o wanaua farasi na nyumbu, na barabara hakuna. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Waingereza peke yao waliandikisha, wachache kwa hiari na wengi kwa nguvu, watu wanaokadiriwa kufika milioni moja kutoka Afrika ya Mashariki na nchi jirani. Waliokufa wanakadiriwa kuwa karibu laki moja, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na kuhara, malaria na njaa. Bonde la Kilombero lilikuwa katikati ya mambo hayo. Wajerumani walijichimbia Mahenge. Waingereza walisukuma majeshi yao kutoka upande wa Njombe na Lupembe. Wabelgiji, pamoja na askari na wapagazi wao wa Kongo, wakavuka Kilombero na kuingia Mahenge tarehe 9 Oktoba 1917. Kila gunia la mchele lililopita katika bonde hili lilipita juu ya shingo ya mtu.

Mwaka 1918 vita vilikwisha. Ilichukua miaka mia moja kamili mpaka jambo hilo likapata mchezo wa jukwaani unaolingana na ukubwa wake, na aliyeutunga ni huyu William Kentridge. Mchezo huo, The Head and the Load, ulionyeshwa kwa mara ya kwanza London mwezi Julai 2018, katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern. Jina lake limetokana na methali ya Ghana isemayo kwamba kichwa na mzigo ndivyo vinavyoisumbua shingo. Jukwaa lake lina urefu unaozidi mita hamsini. Waimbaji, wachezaji na wapiga muziki wanapita juu yake kwa maandamano, na nyuma yao vivuli vyao vinapanda ukutani, vikubwa kuliko wao, vikichanganyika na vivuli vya michoro. Muziki ni wa Philip Miller na Thuthuka Sibisi. Uchezaji ulipangwa na Gregory Maqoma. Anatajwa humo John Chilembwe wa Nyasaland, mhubiri aliyepinga Waafrika kufia vita vya wengine na akauawa mwaka 1915 baada ya uasi wake kushindwa. Sisi hatukuwako London. Tumeona sehemu zilizorekodiwa, na hukumu yetu ichukuliwe kwa kadiri hiyo.

Yafaa sasa tumwangalie mtu mwenyewe, maana sanaa haitoki mbinguni.

Kentridge alizaliwa Johannesburg mwaka 1955, katika tabaka lililokuwa likinufaika na ubaguzi wa rangi, lakini katika nyumba iliyoupinga. Baba yake, Sydney Kentridge, alikuwa miongoni mwa mawakili wa utetezi katika Kesi ya Uhaini iliyowakabili akina Nelson Mandela kuanzia mwaka 1956, na mwaka 1977 aliisimamia familia ya Steve Biko katika uchunguzi wa kifo chake. Kijana huyo alisoma siasa na masomo ya Afrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kisha akajifunza kuchora katika studio ya Bill Ainslie. Hapa kuna jambo ambalo wasifu wake mwingi hulipita haraka, nasi hatutalipita. Katika studio hiyo alikuwako Dumile Feni, Mwafrika aliyechora michoro mikubwa kwa mkaa, na Kentridge mwenyewe amekiri kwamba kutoka kwake aliona mkaa unaweza kufanya nini. Dumile aliondoka nchini mwaka 1968, akafa uhamishoni New York mwaka 1991 bila kuiona nchi yake huru. Mwanafunzi alibaki na mkaa, na ulimwengu ukamjua. Hatusemi hayo ili kumlaumu mwanafunzi. Tunasema kwa sababu ubaguzi uliamua nani abaki na nani aondoke, na uamuzi huo umo ndani ya historia ya sanaa kama ulivyo ndani ya historia ya migodi.

Alijaribu kupaka rangi za mafuta kwenye turubai, akaacha. Alijaribu kuigiza: katika miaka ya 1970 alikuwa katika kikundi cha Junction Avenue, kilichoonyesha mwaka 1978 mchezo juu ya matajiri wa migodi na pombe waliyowauzia wachimbaji ili wasiweze kurudi makwao na fedha. Mwaka 1981 alikwenda Paris katika chuo cha Jacques Lecoq kujifunza uigizaji wa viungo, akarudi akijua kwamba hatakuwa mwigizaji. Akafanya kazi ya kupanga mandhari ya filamu na vipindi vya televisheni. Mtu anayetazama juu juu atasema huyo alikuwa akitangatanga. Lakini kazi zile alizoshindwa ndizo zilizoungana baadaye. Michoro yake hutembea kama waigizaji, na majukwaa yake yamechorwa. Hata watu wake wa karatasi wanajua uzito wa mwili, jambo ambalo mchoraji wa mezani hulikosa.

Namna yake ya kutengeneza filamu za michoro ni rahisi kiasi kwamba makada wa Masagati walidhani tunawatania. Katika viwanda vya katuni kila hatua ya mguu huchorwa katika karatasi yake, na kazi hugawanywa kwa mamia ya watu. Kentridge hubandika ukutani karatasi moja, huchora kwa mkaa, hutembea hadi kwenye kamera, hupiga picha moja au mbili, hurudi ukutani, hufuta kidogo, huchora tena. Filamu nzima hutokana na michoro ishirini hadi arobaini tu. Lakini mkaa haufutiki wote. Mkono uliosogea huacha kivuli cha mahali ulipokuwa. Mtu aliyeondolewa hubaki kama doa la kijivu katika mbuga. Ndiyo sababu tunaona katika mkaa huo elimu ya uyakinifu wa historia kuliko katika vijitabu vingi tulivyowahi kufundishia: hakuna kinachofutwa bila kuacha alama, na anayetaka kujua nani alipita hana budi kuisoma karatasi.

Tangu mwaka 1989 filamu hizo zimemfuata mtu mmoja, Soho Eckstein, mwenye migodi, mnene, mwenye suti ya mistari. Katika Mine, ya mwaka 1991, Soho yu kitandani akinywa kahawa asubuhi. Anakandamiza kile chombo cha kuchujia kahawa, nacho kinapenya sinia, kinapenya kitanda, kinashuka ardhini kupitia mabweni ya wachimbaji waliolala wamebanana, hadi kwenye mwamba wanakotoboa. Kiungo kati ya kifungua kinywa cha bepari na mgongo wa mfanyakazi, ambacho mkufunzi hukieleza kwa saa mbili na ubao mzima wa chaki, kimeelezwa kwa mkono mmoja unaosukuma chini. Tulipoionyesha hapakuwa na haja ya kufafanua.

Lakini filamu tunayoiona kuwa kubwa kuliko zote ni Monument, ya mwaka 1990, yenye dakika tatu hivi. Soho anaufadhili mji kwa sanamu. Anahutubia mbele ya vipaza sauti, shuka linavutwa, na juu ya jiwe anaonekana mfanyakazi mweusi aliyeelemewa na mzigo. Umati unatazama. Picha inasogea hadi usoni pa sanamu, nasi tunasikia na kuona kwamba sanamu inapumua.

Ndugu msomaji, ukiwa Dar es Salaam simama mbele ya Sanamu ya Askari uikumbuke filamu hiyo. Pale palikuwa na sanamu ya Wissmann, gavana wa Kijerumani, iliyowekwa mwaka 1909 na kuondolewa na Waingereza. Mwaka 1927 waliweka yao, ya askari mwenye bunduki na singe. Wapagazi wanatajwa katika maandishi ya chini. Juu ya jiwe hawapo. Mchonga sanamu huyohuyo, James Alexander Stevenson, alitengeneza ya Nairobi, na humo yumo mbeba mizigo pamoja na askari. Kwetu, katika nchi ambamo vita vyenyewe vilipiganwa, mpagazi alipewa maneno tu. Tumepita pale kwa miaka yote ya uhuru, wengine tukiwa na vitabu vya siasa kwapani, bila kuliona pengo hilo, na ni aibu kidogo kwamba alitufumbua macho mtu asiyetuchorea sisi.

Sasa tuseme tusichokubaliana nacho.

Soho hubadilika. Mwaka 1991, katika Sobriety, Obesity & Growing Old, anabomoa majumba yake mwenyewe huku umati wenye mabango ukijaa mbugani. Mwaka 1996, wakati Tume ya Ukweli na Upatanisho ya Askofu Mkuu Tutu ilipoanza kusikiliza mashahidi, Kentridge alimlaza Soho hospitalini katika History of the Main Complaint. Soho hajitambui, katika kumbukumbu yake kuna gari, kuna mtu anayepigwa barabarani, kuna mtu anayegongwa. Anakiri kwamba alihusika. Anaamka. Na akiisha kuamka anarudi mezani pake, simu zikilia. Je, msanii anamcheka au anamhurumia? Tunadhani anafanya yote mawili, na hapo ndipo mpaka wa tabaka lake unapoonekana. Kwa zaidi ya miaka thelathini roho iliyochunguzwa kwa undani ni ya mwenye mgodi. Hata katika City Deep ya mwaka 2020, ambamo wamo wachimbaji wadogo wanaoitwa zama zama katika mashimo yaliyoachwa na makampuni, Soho bado yupo akitazama picha katika jumba la sanaa. Mchimbaji anatobolewa na historia, tajiri anaifikiria. Umati wa Kentridge hutembea vizuri ajabu, lakini mara chache mmoja wao hugeuka akatuambia alitaka nini.

Anajua hatari hiyo, na jukwaani aliikabili vizuri kuliko katika filamu. Mwaka 1997, katika Ubu and the Truth Commission, ulioandikwa na Jane Taylor, mashahidi wa mateso walikuwa wanasesere wa mbao waliotengenezwa na kikundi cha Handspring cha Basil Jones na Adrian Kohler. Sababu yake ilikuwa ya haki: mwigizaji akijifanya mama aliyempoteza mwanawe, tunamsifu mwigizaji. Kikaragosi hawezi kusifiwa. Watu wawili wanakiendesha mbele ya macho yetu, mmoja anakipa sauti, nasi tunasikiliza maneno. (Lugha yetu imezoea kutumia neno karagosi kwa kuwatukana vibaraka. Hapa karagosi ndiye msema kweli, na wanadamu wenye nyama ndio wauaji.) Na kabla ya hapo, na baada yake, mkono wake haukuogopa mambo ya Wajerumani: Black Box, ya mwaka 2005, ni jukwaa dogo la mashine juu ya mauaji ya Waherero yaliyoanza Namibia mwaka 1904. Mwaka uliofuata utawala huohuo ulikuwa ukiwafyatulia bunduki za rashasha watu wa Maji Maji waliolishambulia boma la Mahenge tarehe 30 Agosti 1905.

Iko kazi moja itakayowaudhi baadhi ya makada, nasi tunaitaja kwa makusudi. Mwaka 2008, akijiandaa kubuni jukwaa la opera ya Shostakovich, The Nose, iliyoonyeshwa New York mwaka 2010, Kentridge alitengeneza filamu nane zinazoonyeshwa kwa pamoja, na ndani yake akaweka sehemu za kumbukumbu za kikao cha Kamati Kuu ya Chama cha Kisovieti cha mwaka 1937, Bukharin alipokuwa akijitetea. Jina la kazi hiyo ni msemo wa wakulima wa Kirusi wa kukana lawama: mimi si mimi, na farasi si wangu. Mtu anaomba asikilizwe, wenzake wa miaka mingi wanacheka. Mwaka 1938 aliuawa. Anayesema kwamba kuonyesha hayo ni kuutukana ujamaa hajawahi kukaa katika kikao ambamo kicheko kimechukua nafasi ya hoja. Sisi tumewahi kukaa. Kwa hiyo kazi hiyo tunaipokea kama somo la nidhamu ya vikao, wala hatuoni haya.

Jambo zito zaidi ni fedha. The Head and the Load uligharimiwa kama sehemu ya maadhimisho ya Uingereza ya miaka mia ya vita hivyo. Kutoka London ulikwenda Duisburg, New York, Amsterdam, na mwaka 2023 ukaonyeshwa Johannesburg. Aliyewakamata wapagazi kwa kamba ndiye aliyelipia matanga yao, na alilia katika ukumbi wake mwenyewe, kwa tiketi. Je, hiyo inaifanya kazi kuwa ya uongo? La. Kitambaa hakigeuki kuwa kibaya kwa sababu aliyekinunua ni mwizi. Lakini lazima tuulize kwa nini mkoa wa Morogoro, uliopokea Mkutano wa ANC mwaka 1969, na ambao Mazimbu yake ilikuwa na chuo cha Solomon Mahlangu kilichowalea watoto wa wapigania uhuru hadi kilipokabidhiwa mwaka 1992, haujawahi kuchora michoro yake wenyewe juu ya jambo hili. Si kwamba tulikosa mikono. Sam Ntiro alichora watu wa vijijini wakifanya kazi pamoja wakati wengine wakiona aibu kuchora jembe. Edward Saidi Tingatinga, kabla ya kufa mwaka 1972, alianzisha njia nzima ya uchoraji kwa vipande vya ubao na rangi za baiskeli. Na mtindo huo ulipofanywa filamu za michoro za watoto mwaka 2010, kazi ilifanyika Nairobi kwa ajili ya televisheni ya Uingereza. Tuliuza twiga, tukasahau kumchora mpagazi.

Turudi Masagati. Tulionyesha filamu jioni, kwa betri ya sola, shuka jeupe likiwa limetundikwa ukutani. Baada ya sehemu za The Head and the Load vijana walizungumza sana juu ya vivuli. Mzee mmoja, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, alisubiri wamalize. Ndipo akauliza: "Huyu aliyebeba, shamba lake analima nani?"

Tulinyamaza. Tumesoma nadharia ya thamani ya ziada, tumeifundisha, na hatukuwa tumeuliza swali hilo. Na ni kweli kwamba mchezo wote ule, pamoja na ukubwa wake, hauliulizi vya kutosha. Unaonyesha shingo, unaonyesha mzigo, lakini nyuma ya mpagazi kulikuwa na mke aliyebaki na jembe moja, na askari waliopita kuchukua hata mbegu. Ugogo njaa iliyofuata iliitwa Mtunya, kuanzia mwaka 1917, nayo iliua watu wengi mno. Mzee alituambia kwamba bibi yake alikuwa akisema kwamba vita havikuja kwao kwa bunduki, vilikuja kwa ghala tupu. Hapo tuliona upungufu wa Kentridge kwa wazi kuliko katika makala yoyote ya wataalamu: anafuata maandamano, na wasioandamana wanabaki nje ya karatasi.

Kesho yake vijana saba walichukua mkaa jikoni, karatasi ya manila na simu moja yenye kamera nzuri kidogo. Kwa siku mbili walichora na kufuta. Betri ilizimika mara tatu. Mtoto wa mwenye nyumba alipitisha mkono juu ya mchoro, wakaamua kuiacha alama yake. Walipata picha 190 hivi, sawa na sekunde kumi na sita. Mwanamke analima, mtu mwenye mzigo anapita nyuma yake kuelekea mlimani, mtu anatoweka, mwanamke anaendelea kulima, na doa la kijivu linabaki njiani. Mguu wa mwanamke umechorwa vibaya, na jembe linabadilika ukubwa bila sababu. Yule kada aliyeuliza swali la kwanza ndiye aliyeshika simu. Karatasi yenyewe imebandikwa katika ofisi ya tawi, karibu na dirisha, na msimu wa mvua tunahofia itaingia unyevu.